Mtaa Mmoja, Lenzi Moja: Mwongozo kwa Anayeanza Kupiga Picha

Kabla hujaenda popote na kamera yako, chagua mtaa mmoja. Uwe mtaa unaoufikia kwa miguu, wenye jua na kivuli, wenye kuta, na wenye watu wanaofanya kazi palepale kila siku. Fundi cherehani aliyeweka mashine yake barazani anatosha. Kijiwe cha bodaboda kinatosha. Genge la mama anayepanga nyanya kwa mafungu linatosha. Ukishachagua, rudi hapohapo asubuhi, mchana na jioni, wiki hii na wiki ijayo, mpaka uweze kusema bila kutoka nyumbani jua la saa tatu linaangukia ukuta upi.

Ninayaandika haya nikiwa bado mwanafunzi wa kamera. Mtaa wangu uko Ilala, Dar es Salaam, na karibu kila ninachokijua kuhusu mwanga nimekipata hapo. Wanaoanza wengi huona mtaa wao hauna picha. Leo wanakwenda Bagamoyo, Jumamosi ijayo Coco Beach, mwezi ujao wanavuka kwenda Unguja, na kila mahali wanarudi na picha za kupendeza ambazo hawawezi kueleza zimekuwaje za kupendeza. Sababu ni kwamba kila kitu kilibadilika kwa wakati mmoja: mahali, watu, saa, mwanga na namba za kamera. Mahali pakiwa palepale na fundi akiwa yuleyule, kinachotofautisha picha ya jana na ya leo ni mwanga na uamuzi wako tu. Hapo unaweza kujua kipi kimeleta nini, na kesho ukakirudia kwa makusudi.

Vifaa

Simu uliyo nayo mfukoni inafaa kuanzia. Itakufundisha mambo mawili ambayo huchukua muda mrefu kuliko mengine yote: mahali pa kusimama na wakati wa kubonyeza. Mohamed Amin, mpiga picha aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha kampuni ya Camerapix mjini humo mwaka 1963, alianza utotoni na Box Brownie. Kamera hiyo ni kasha lenye lenzi sahili na kasi moja ya shata. Hakuna cha kurekebisha cha maana. Mwenye kasha la namna hiyo akitaka picha bora hana njia ila kusogea, kusubiri jua ligeuke, au kumwomba mtu ageuke. Miaka mingi baadaye, mwaka 1984, picha alizopiga Amin za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia nzima. Alikuwa na vifaa vya kisasa kabisa kufikia hapo, lakini kusogea na kusubiri bado ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Ukitumia simu, zima vichujio vya urembo, washa mistari ya gridi kwenye kioo, na usivute zumu. Sogea kwa miguu. Simu nyingi zina sehemu iliyoandikwa Pro, ambamo unaweza kupanga kasi na ISO mwenyewe. Jifunzie humo, kwa sababu hali ya kawaida ya simu hurekebisha vivuli bila kukuuliza, nawe hutajua mwanga halisi ulikuwaje.

Ukinunua kamera ya mtumba, shika lenzi yenyewe mkononi kabla ya kulipa. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, na uchungulie kwa mbele. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo. Utaiona kama nyuzinyuzi nyeupe zilizotanda. Lenzi ya hivyo iache, hata muuzaji akipunguza bei. Nenda na kadi yako ya kumbukumbu, piga ukuta mweupe ukiwa umepanga f/16, kisha ikuze picha: madoa yaliyobaki mahali palepale katika kila picha ni uchafu ndani ya kamera. Madoa hayo husafishika, kwa hiyo yasikutishe sana. Betri iliyovimba ndiyo ya kuikataa.

Lenzi iwe moja. Ile ya milimita 50 yenye f/1.8 ni ya bei nafuu kuliko nyingi na inakubali mwanga mwingi. Kama umepata kamera yenye lenzi ya 18–55, iweke kwenye 35 na usiizungushe kwa mwezi mzima. Jicho litaanza kuona ukubwa wa fremu kabla hujainua kamera, na hilo ni jambo ambalo zumu hulichelewesha sana.

Nyumbani, weka kamera kwenye kasha linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache mkobani kwanza ipate joto, la sivyo lenzi itajaa umande.

Jua letu

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vyote hukuambia upige picha katika saa ya dhahabu, yaani ile saa ya mwanga wa manjano laini baada ya jua kuchomoza na kabla halijazama. Huko kwao ni saa kweli, na majira ya joto huweza kuzidi, kwa kuwa jua huteremka kwa mshazari na kukaa muda mrefu karibu na upeo wa macho. Kwetu hupanda karibu wima. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na karibu na ikweta takriban nyuzi zote hizo huwa za jua kupanda. Nusu saa baada ya kuchomoza, jua la Dar es Salaam limeshafika karibu nyuzi 7 juu ya upeo, na ulaini wake umeanza kupotea. Jioni ni hivyohivyo kwa kinyume: likishazama, una dakika 20 hivi za mwanga wa samawati, kisha giza.

Maana yake kwa vitendo ni kwamba usitoke nyumbani jua linapochomoza. Uwe umeshafika, umeshasalimiana na watu, na umeshaamua utasimama wapi. Dar es Salaam jua huchomoza kati ya saa 11:50 na saa 12:40 asubuhi kutegemea mwezi, kwa hiyo saa 11 na nusu uwe njiani. Asubuhi hiyo usijaribu mambo kumi. Chagua ukuta mmoja unaotazama mashariki, subiri watu wapite mbele yake.

Mchana ndio mtihani. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa Dar es Salaam, na miezi mingine haliko mbali na hapo. Mtu aliyesimama uwanjani saa sita huwa na mashimo meusi mahali pa macho, pua inang'aa, na kidevu kimemezwa na kivuli. Wengi huambiwa waweke kamera chini mpaka saa kumi. Mimi nakushauri kinyume, kwa sababu mchana ndipo watu wako kazini, na ukiusubiri mwanga mzuri tu, nusu ya maisha ya mtaa hutaipiga kamwe.

Ingia barazani. Jua kali likipiga barabara na ukuta wa pili, mwanga wake hurudi kwa pembeni na kuingia chini ya paa ukiwa umelainika. Mweke fundi kwenye kizingiti, ndani ya kivuli lakini karibu na mwisho wake, uso ukitazama nje. Simama wewe upande wa barabarani. Macho yataonekana, na ndani ya kila jicho utaona nukta ya mwanga. Sasa mwombe ageuke kidogo, shavu moja likielekea nje na jingine ndani, upige tena. Umbo la uso litajitokeza, mifupa ya mashavu, mikunjo ya paji la uso. Ukiona upande wa ndani umezama mno, mtu yeyote akishika shuka jeupe au kipande cha jipsamu upande huo, kivuli kitafunguka. Fanya hivi kwenye mlango mmoja mpaka uchoke, halafu uurudie siku ya mawingu ya masika, uone jinsi anga zima linavyogeuka kuwa taa moja kubwa na kizingiti kinavyopoteza nguvu yake.

Kivuli cha mwembe ni kigumu kuliko kinavyoonekana. Majani hupitisha vipande vya jua, na kipande kimoja kwenye paji la uso kinatosha kuharibu picha. Tafuta upande wa mti wenye kivuli kizito, au kaa chini ya mti wa mkungu.

Kanzu na buibui

Hili ndilo zoezi ninaloliona la lazima kuliko yote, na litakuchukua asubuhi moja tu. Anika kanzu nyeupe kwenye kamba. Sogea mpaka ijaze fremu, acha kamera ijipangie yenyewe, piga. Kisha anika buibui jeusi pembeni, ulipige vilevile. Ziweke picha mbili pamoja. Kanzu imekuwa ya kijivu na buibui nalo limefifia likawa la kijivu.

Kamera haijaharibika. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake kimetengenezwa kwa kudhani kwamba vitu vyote ulivyovielekezea, ukivichanganya, vinarudisha mwanga wa wastani; kiwango kinachotajwa siku zote ni asilimia 18. Kikiona weupe mtupu kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza. Kikiona weusi mtupu kinadhani mwanga haujatosha, kinauongeza. Kamera mpya na simu hujitahidi kutambua uso, lakini dhana hiyo ya wastani bado imo ndani yao.

Tafuta kwenye kamera kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, +/−. Kwa kanzu, panda kati ya +1 na +2. Kwa buibui, shuka kati ya −1 na −2. Kila namba nzima ni hatua moja, na hatua moja ni mwanga maradufu au nusu yake. Kwenye simu, gusa kitu unachokipiga kwenye kioo, kisha telezesha ile alama ya jua juu au chini. Piga upya mpaka kanzu iwe nyeupe huku ukiona bado mikunjo yake na darizi za shingoni, na buibui liwe jeusi huku nyuzi zake zikionekana.

Sasa uhamishe ujuzi huo kwenye nyuso, kwa sababu hapo ndipo ulipo uzito wake. Nyuso zetu nyingi ni nyeusi kuliko wastani wa kamera. Uso wa mtu mweusi ukijaza fremu, kamera huongeza mwanga, na ngozi iliyokolea inatoka imepauka, kijivu, haina uhai. Shuka hadi −0.7 au −1, weusi utarudi na mng'ao wa paji la uso utakaa mahali pake. Mtu huyohuyo akisimama mbele ya ukuta wa chokaa au anga jeupe, kamera inautazama ukuta na kumfanya yeye kuwa kivuli kisicho na macho. Hapo panda hadi +1, au zaidi, na uache ukuta uungue kidogo. Bwana harusi ndani ya kanzu nyeupe kabisa anakuletea matatizo yote mawili katika fremu moja. Pima kwa uso wake, kisha utazame kama kola ya kanzu imeungua.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu lina historia. Katika karne iliyopita, maabara za kusafisha picha za rangi zililinganisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Albamu nyingi za familia za Kiafrika za miaka hiyo zina watu ambao meno na weupe wa macho tu ndivyo vinavyoonekana. Leo una uwezo mkononi wa kumpiga bibi yako jinsi alivyo, na kukubali picha iliyompausha kwa sababu kamera ndivyo ilivyotaka ni kumkosea.

Namba tatu, mafundi wawili

Walimu wengi huanza na pembetatu ya tundu la lenzi, shata na ISO, na wanaoanza huikariri bila kuiona. Ifundishe mikono yako kwa mambo ya mtaani.

Shata uipeleke kwa fundi cherehani. Geuza gurudumu la kamera kwenye S au Tv, ili wewe uchague kasi na kamera ipange mengine. Piga mikono yake ikisukuma kitambaa chini ya sindano kwa 1/1000 ya sekunde, kisha 1/250, kisha 1/60, kisha 1/15. Kwa 1/1000 kila kitu kimeganda, na mashine inaonekana imezimwa. Kwa 1/15 vidole vimeyeyuka kabisa. Katikati hapo, karibu na 1/60, uso umetulia, kitambaa kinasomeka, na vidole pekee ndivyo vinavyoonyesha kwamba kazi inaendelea. Mimi huipenda hiyo, ila wewe amua mwenyewe. Zoezi halina maana kama hukuchagua.

Kumbuka kwamba mkono wako nao hutikisika. Kwa lenzi ya 50, usishuke chini ya 1/50 bila kuegemea kitu, na kwenye kamera zenye kihisio kidogo, ambazo ndizo nyingi za wanaoanza, 1/80 ni salama zaidi. Bana viwiko kwenye mbavu, toa pumzi, bonyeza polepole.

Tundu ulipeleke gengeni. Kwenye A au Av, piga meza ya nyanya kwa pembe, mafungu yakiwa yamejipanga kuelekea mbali. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa: f/1.8 itakupa fungu moja lililokolea na mengine yote katika ukungu. Kwa f/8 mafungu kadhaa yanarudi. Kwa f/16 meza nzima inasomeka, mama mwenyewe nyuma yake pia, lakini mwanga unaoingia umepungua zaidi ya hatua 6, hivyo tazama kasi ya shata imeporomoka wapi. Halafu baki kwenye f/4, piga ukiwa karibu sana na nyanya, kisha rudi nyuma hatua tatu, upige tena. Utaona kwamba umbali hufanya ukungu kwa nguvu kubwa ambayo wengi hawaitegemei.

Nina maoni hapa. Anayeanza akishajua kutia ukungu nyuma ya mtu, kila picha yake inakuwa hivyo kwa mwaka mzima. Lakini genge bila mtaa wake ni nyanya tu. Bei zilizoandikwa kwenye kipande cha boksi, bajaji inayopita, mtoto anayesubiri chenji, vyote hivyo vinamweleza mama wa genge kuliko ukungu. Jizoeze f/8 kabla ya kuizoea f/1.8.

ISO ina maneno machache. Juani 100 au 200, kivulini 400 mpaka 800, ndani ya chumba 1600 na kupanda. Ikipanda, picha huota chenga. Usiziogope, picha yenye chenga iliyokaa sawasawa inafaa, picha safi iliyotikisika haifai kitu.

Ipo pia kanuni ya siku za filamu: chini ya jua kali, kwa f/16, kasi ya shata ni 1 kugawanywa kwa ISO. ISO 100 inakupa 1/100, na kamera za zamani zilitumia 1/125 iliyo karibu nayo. Kuanzia hapo unahesabu: ukifungua tundu hadi f/8 umeongeza hatua 2, basi shata ipande hadi 1/400 au 1/500. Kwenye kivuli kizito ongeza mwanga kwa hatua 3 au 4. Ukiwa kwenye daladala bila kamera, tazama nje ukisie namba. Ukifika na kamera, hakikisha. Ndani ya muda mfupi utajikuta unapanga kamera ukiwa bado unatembea, na wakati jambo linapotokea, wewe uko tayari.

Ukitaka zoezi la kufurahisha la kumalizia, nenda kwenye barabara ya mtaa, si barabara kuu, usimame pembeni mahali salama. Panga shata 1/30. Bodaboda ikija, isindikize kwa kamera tangu mbali, miguu ikiwa imesimama imara na kiuno ndicho kinachozunguka. Bonyeza inapokuwa mbele yako na uendelee kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Ikikubali, dereva atakaa sawa na mtaa mzima nyuma yake utakuwa mistari. Nyingi hazitakubali, ndivyo zoezi lilivyo. Ukiishiwa subira, panda 1/60 kwanza, mwili uzoee, kisha ushuke.

Watu

Ukirudi mtaa uleule, suala la ruhusa hubadilika. Siku za kwanza acha kamera mkobani. Salimia: shikamoo kwa mama wa genge, habari za kazi kwa fundi. Nunua nyanya. Siku nyingine sema wazi: "Mama, ninajifunza kupiga picha. Naomba nikupige ukiwa kazini, nami nitakuletea." Akikataa, shukuru na uendelee kumsalimia vilevile. Akikubali, atakaa wima na kukodoa macho kwa picha tatu za kwanza. Zipige hizo kwa heshima zote, kwa kuwa pengine ndizo atakazozipenda, kisha usiondoke. Mteja akifika, mama atakusahau.

Ahadi ya kuleta picha itimize kwa karatasi. Studio zinazopiga picha za pasipoti karibu zote huchapa inchi 4 kwa 6. Picha ya kushika mkononi hukaa ukutani au ndani ya Biblia au Kurani, na siku utakayoileta majirani wote wataiona. Kuanzia hapo hutaomba ruhusa peke yako, mtaa utakuombea. Na karatasi itakufundisha pia: kioo cha simu kina mwanga wake, hudanganya. Picha iliyoonekana sawa kwenye simu ikitoka nyeusi kwenye karatasi, ulipunguza mwanga kupita kiasi.

Watoto, omba kwa mzazi. Wagonjwa, walevi na watu wanaogombana, waache. Jihadhari na mahali ambapo kamera hairuhusiwi: kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari. Soko la samaki la Feri ni zuri mno alfajiri, boti zikishusha, lakini liko jirani na Ikulu ya Magogoni, kwa hiyo uliza kwa viongozi wa soko kwanza na ujue lenzi yako inaelekea wapi.

Picha 36

Filamu ya kawaida ilikuwa na nafasi 36, na kila moja ilikuwa pesa. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga kila mteja picha moja tu, na mara nyingi alitumia mwanga wa jua uani. Hebu zitazame picha zake: mkono umewekwa wapi, kitambaa cha nyuma kinaongeaje na gauni. Maamuzi yote yalifanyika kabla ya kubonyeza.

Kila utokapo, jiwekee nafasi 36. Usifute hata moja ukiwa njiani, na usitazame kioo baada ya kila picha. Wakati unapotazama picha iliyopita, nyingine inapita mbele yako. Mipaka hii ni ya mazoezi tu. Siku ya kazi ya harusi piga kadiri inavyohitajika, kwa kuwa bibi harusi haingii ukumbini mara mbili.

Kuzitazama

Nusu ya kujifunza iko hapa, na ndiyo inayorukwa. Subiri mpaka kesho yake. Zifungue zote, nzuri na mbaya, kwenye kioo kikubwa ukiweza kukipata. Kila faili hubeba ndani yake kasi ya shata, namba ya tundu na ISO. Soma namba za kila iliyokushinda. Ikiwa kila kitu kimetikisika, shata ilikuwa chini mno. Ikiwa mtu mmoja tu ndiye ametikisika, yeye ndiye aliyesogea. Ikiwa sikio limekolea na jicho limefifia, fokasi ilikosea mahali. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, upande wa jua, kilichoshindikana, na kitakachojaribiwa safari ijayo. Mstari mmoja kwa picha moja unatosha.

Zitazame pia za waliotangulia. Tafuta picha za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, au zile za ukutani kwenye studio ya zamani ya mji wako. Chukua sura moja na uulize maswali haya: kivuli cha pua kimeangukia upande gani? Nukta za mwanga ndani ya macho ni ngapi, na ziko juu au pembeni? Kidevu kina kivuli kikali au laini? Kwa majibu hayo utajua dirisha lilikuwa wapi na taa zilikuwa ngapi. Kesho yake mweke fundi wako wa cherehani katika mwanga huohuo.

Mwisho, tafuta mtu anayeishi kwa kazi hii, mwenye studio ya pasipoti au mpiga picha wa harusi, umwonyeshe picha 10 zilizochapwa. Usimuulize kama ni nzuri. Atasema ni nzuri, kwa adabu. Muulize angesimama wapi yeye, na angebonyeza wakati gani. Mwache azipange mezani kwa mpangilio wake, akitenga anazoziona dhaifu, na uandike anachosema neno kwa neno. Kisha mwombe umbebee taa na stendi kwenye harusi ya Jumamosi.